Kompyuta ya baba mdogo na majina ya watoto wa watu

KAZI yangu ni kuandika habari za afya: chanjo, lishe, foleni za kliniki. Kwa hiyo msomaji ukiniona leo kwenye ukurasa huu wa familia nazungumzia kompyuta za zamani, usidhani nimehamishwa dawati. Kuna jambo la afya humo ndani, na la wazazi pia, ila linachelewa kujitokeza. Nivumilie.

Mwaka jana nilikwenda Uingereza kwa kozi fupi ya miezi mitatu. Nilifikia kwa baba mdogo, anayemfuata baba yangu mzazi, ambaye anaishi karibu na mji wa Cambridge. Ni mstaafu. Wastaafu wenzake wa mtaa ule wanapanda maua, yeye kila Jumatano na Jumamosi anajitolea kwenye jumba la makumbusho ya kompyuta. Ni jumba dogo, ukipiga chafya upande mmoja unaambiwa pole upande wa pili. Lakini stoo yake ina mashine zaidi ya 100, zimepangwa kwenye rafu kama mikate, na watu wanaendelea kuleta nyingine kila wanaposafisha nyumba za wazazi wao waliofariki.

Nilipofika, jumba lilikuwa limepata chumba kipya kwa ajili ya watoto. Meza moja ndefu, viti sita. Baba mdogo na wenzake walitakiwa kuchagua kompyuta sita kati ya zile zote, na sharti lilikuwa moja: kila itakayowekwa mezani iguswe. Makumbusho kubwa ya kompyuta ya Mountain View, California, huweka vitu vyake vingi nyuma ya vioo. Hawa walitaka kufuata njia ya jirani yao, Centre for Computing History ya Cambridge, ambako mgeni anavuta kiti, anakaa na kubonyeza.

Nilidhani ni kazi ya mchana mmoja. Iliwachukua wiki saba.

Kwa wazazi wenzangu ambao, kama mimi, mmezikuta kompyuta zikiwa tayari kila mahali, nieleze kidogo. Zamani kompyuta moja ilijaza chumba na ilimilikiwa na serikali, benki au chuo kikuu. Miaka ya 1970 sehemu inayofikiri ilipunguzwa ikaenea kwenye chipu moja, ndipo zikazaliwa kompyuta ndogo za mtu mmoja. Altair 8800 ilitangazwa Marekani Januari 1975, ikauzwa vipandevipande uunge mwenyewe. Haikuwa na kibodi wala kioo, ilikuwa na swichi na taa tu, na kumbukumbu yake ilikuwa baiti 256. Ujumbe mmoja wa shangazi kwenye kundi la familia la WhatsApp usingeenea humo. Mwaka 1977 zikatoka tatu zilizofanana na kompyuta tunazozijua: Apple II, Commodore PET na TRS-80.

Kiti cha kwanza hakikuwa na ubishi. Kilikwenda kwa BBC Micro, iliyotengenezwa na kampuni ya Acorn hapo hapo Cambridge na kuingia sokoni Desemba 1981. Shirika la utangazaji BBC lilikuwa linaandaa vipindi vya televisheni vya kuwafundisha wananchi kompyuta, likataka mashine ya kwenda navyo. Serikali nayo ikazisaidia shule kwa kulipa nusu ya bei ya kompyuta. Ndiyo maana Mwingereza mwenye umri wa miaka 50 ukimtajia BBC Micro anatabasamu kama mtu aliyetajiwa uji wa shuleni. Walioibuni, Sophie Wilson na Steve Furber, walikwenda mbele wakabuni chipu ya ARM, na ya kwanza ilipofika mwaka 1985 ilijaribiwa kwa kuunganishwa na BBC Micro. Karibu kila simu janja duniani leo inatumia chipu ya ukoo huo. Hata hiyo unayosomea makala haya, kwa uwezekano mkubwa.

Kiti cha pili: Sinclair ZX Spectrum ya 1982. Hii ilianzia pauni 125 wakati BBC Micro ya kilobaiti 32 ilitoka kwa pauni 335, kwa hiyo ndiyo iliyoingia kwenye nyumba za watu wa kawaida. Vitufe vyake ni vya mpira, ukivibonyeza unahisi kama unaminya kifutio. Haikuja na kioo wala diski. Uliichomeka kwenye televisheni ya sebuleni na programu ikasomwa kutoka kwenye redio kaseti. Mchezo mmoja ulichukua kama dakika tano kuingia, ukipiga kelele muda wote, na tepu ikikwaruza unaanza upya.

Hapo baba mdogo alinisimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia nyumbani. Alitoka Tanga kwenda kusoma mwaka 1981. Serikali yetu ilikuwa imepiga marufuku uingizaji wa kompyuta tangu 1974, baada ya hasara na mikanganyiko ya mitambo ya hesabu serikalini. Kuileta hata moja kulihitaji kibali maalumu. "Na hata ungeipata hii Spectrum, ungeichomeka wapi, mama?" aliniuliza. (Huniita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yao.) Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973, lakini Bara tulisubiri vituo vyetu hadi 1994. Redio kaseti tulikuwa nazo. Nusu ya mtambo ilikuwa mezani kwetu, nusu haikuwepo.

Kiti cha tatu walimpa Commodore PET, kwa sababu kioo, kibodi na kinasa kaseti vyote vimo kwenye gamba moja la chuma, na mtoto anaelewa mara moja kwamba hiki ni kitu kimoja. Cha nne Apple II. Cha tano kilinishangaza: Amstrad PCW ya 1985, mashine ya kuandikia barua, iliyouzwa pamoja na printa yake. Haina mchezo wa maana. Ila bibi mmoja kati ya wanaojitolea alisema mashine hiyo ndiyo iliyoingiza kompyuta kwa watu ambao hawakuzipenda kompyuta: makatibu wa vyama, waandishi, mapadri. Wanaume wote mezani walikuwa wanazungumzia michezo, yeye akazungumzia muhtasari wa kikao. Akashinda.

Katikati ya hayo mimi nilipewa kazi. Mtu akisikia unaandika habari za afya anadhani wewe ni nusu daktari, wakaniomba nipite kuangalia usalama. Mengine waliyajua kuliko mimi. Kwamba kioo cha zamani chenye tumbo kubwa nyuma kinaweza kubaki na umeme mkali ndani hata kikiwa kimezimwa, na mtoto asipewe nafasi ya kufungua chochote. Kwamba vifaa vya umeme vya BBC Micro vina kapasita zinazopasuka kwa uzee na kujaza chumba moshi wenye harufu mbaya, kwa hiyo hubadilishwa kabla ya kuwashwa. Kwamba betri ndogo zilizosahaulika ndani ya mashine huvuja na kuila bodi yake kama kutu inavyokula bati.

Nililoongeza mimi ni moja. Spectrum ikisoma kaseti, kingo za kioo hucheza mistari ya rangi kwa kasi. Wapo watu wenye kifafa, wachache lakini wapo, ambao mwanga unaometameta huwaamshia degedege, na wengine hugundua hivyo wakiwa watoto. Tukaweka tangazo mlangoni, kwa maandishi makubwa, na programu zikawa zinaingizwa kutoka kwenye kadi ndogo badala ya kaseti, kwa sekunde chache. Mzee mmoja alilalamika kwamba kuondoa zile dakika tano za kelele ni kuondoa Spectrum yenyewe. Namuelewa. Kaseti sasa inachezwa mara moja kwa siku, saa nane mchana, kwa wanaotaka.

Kikabaki kiti cha sita.

Wengi walikitaka kiende kwa Commodore 64. Ni ya 1982, iliuzwa mamilioni kwa mamilioni, na wanaohesabu huitaja kuwa kompyuta ya aina moja iliyouzwa kuliko zote. Kuiacha nje ni kama kupanga timu ya taifa bila mfungaji. Baba mdogo akasimama, akasema ana mashine yake nyumbani, angependa waitazame.

Nilikuwa naiona kila siku kule kwake, chini ya ngazi, karibu na mashine ya kufulia. Boksi la rangi ya maziwa yaliyoharibika, halina jina kubwa, moja ya zile zilizonakili kompyuta ya IBM ya 1981. Dunia nzima imejaa maboksi ya namna hiyo, na makumbusho huyakataa kila wiki. Mwenyekiti wao alisema kwa adabu: "Watoto watafanya nini nayo?"

Baba mdogo alikuwa mtu wa takwimu. Mwaka 1991 alirudi nyumbani kwa muda kufanya kazi kwenye utafiti wa chanjo katika vijiji vya mkoa wa Morogoro, na mashine hiyo ilisafiri nyuma ya Land Rover ikiwa imefungwa godoro. Ndani yake kulikuwa na Epi Info. Hii ni programu iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1985 na CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ikatolewa bure, na watu wakahimizwa wainakili na kuwapa wenzao. Ilienea kwenye diski, mkono kwa mkono. Unaandika dodoso lako kama unavyoandika barua, kwa lugha yoyote yenye herufi zetu, unaweka alama za nafasi ya jibu, na programu inaligeuza kuwa fomu ya kujaza. Mpelelezi wa mlipuko wa ugonjwa aliweza kukaa kwenye zahanati, akaingiza majibu na kupata hesabu jioni ile ile, badala ya kupeleka magunia ya karatasi mjini.

Watafanya nini nayo? Aliwaonyesha. Ndani ya Epi Info kulikuwa na mfano wa kujifunzia, na ni kisa cha kweli. Aprili 1940, katika wilaya ya Oswego, jimbo la New York, watu 80 walikula chakula cha jioni kanisani. Usiku wakaanza kutapika na kuhara. Waliohojiwa ni 75, waliougua 46. Vyakula vilikuwa vingi: nyama, viazi, kabichi, keki, kahawa, aiskrimu za aina mbili. Kipi kilikuwa na sumu?

Alimwita mjukuu wake wa miaka 11, akamweka kwenye kiti. Mtoto akaanza kuuliza mashine chakula kimoja kimoja: kati ya waliokula hiki, wangapi waliugua? Kati ya ambao hawakula? Nyama haikusema kitu. Viazi kimya. Alipofika kwenye aiskrimu ya vanila, kioo kikamjibu: waliokula walikuwa 54, wakaugua 43. Ambao hawakula walikuwa 21, wakaugua watatu. Mtoto akageuka kwangu. "Shangazi, ni aiskrimu!" Alisema kwa Kiswahili, yeye ambaye nyumbani ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza.

Chumba kilibadilika. Hata mzee wa kaseti alivuta kiti karibu.

Nami nilifurahi, hadi mtoto alipobonyeza faili nyingine iliyokuwa pembeni. Ikafunguka fomu ya Kiswahili. JINA LA MTOTO. JINA LA MAMA. KIJIJI. UZITO. CHANJO YA SURUA, tarehe. Chini kabisa: SABABU YA KUTOCHANJWA. Na fomu haikuwa tupu.

Utafiti wa chanjo wa siku zile ulikuwa na kanuni yake iliyojulikana: makundi 30, watoto saba kila kundi, wenye umri wa miezi 12 hadi 23. Jumla watoto 210. Wote walikuwemo, kwa majina na vijiji vyao. Katika ile iliyofunguka, sababu iliyoandikwa ilikuwa maneno mawili: "baba amekataa". Sitaandika jina la yule mama, wala kijiji. Mtoto wake sasa ni mtu mzima wa miaka 30 na kitu, pengine ana watoto wake anaowapeleka kliniki.

Nilisubiri tufike nyumbani. Si adabu kumsahihisha baba yako mbele ya wenzake, tena wageni. Tulipomaliza chakula nikasema: "Baba, naomba nikuulize jambo. Yale majina yatakuwepo mezani?"

Akasema ndiyo, kwa nini yasiwepo. Hii ndiyo kazi yenyewe. Makumbusho yote hulia kwamba yana mashine lakini hayana habari za waliozitumia, na yeye anazo. "Wale watoto niliwapima kwa mikono hii. Nikifuta majina, nimebakiza nini? Boksi."

Nikamwambia ninavyofundishwa kazini: mama anapomwambia mhojaji kwamba mumewe amekataa chanjo, anamwambia mtu mmoja kwa kazi moja, hazungumzi na kila mtoto wa Cambridge atakayekaa kwenye kile kiti. Nyumbani tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Uingereza wana yao. Lakini hata kusingekuwa na sheria, je, mmoja wa wale 210 akiingia pale na mwanawe mkononi, akakuta sababu ya mama yake inasomwa?

"Atafurahi kuona alihesabiwa," alisema baba mdogo.

"Huenda. Ila hatujamuuliza."

Akanyamaza. Baba mdogo akikasirika hapazi sauti, huenda kuosha vyombo. Aliosha hadi sufuria zilizokuwa safi. Siku mbili tulisalimiana tu: shikamoo, marahaba, basi. Mama mdogo ndiye aliyetupatanisha, bila kutaja kompyuta. Alimkumbusha mumewe siku hospitali moja ilipotuma barua yake ya vipimo kwenye nyumba ya jirani kwa makosa, na jirani akaja kumpa pole kwa ugonjwa ambao hajawaambia hata watoto wake. "Ulitaka kwenda mahakamani," alisema, akaendelea kukata kitunguu.

Jumatano iliyofuata baba mdogo aliitoa diski ya ndani kwa bisibisi, mwenyewe. Mahali pake pakawekwa kadi ya kumbukumbu iliyonakiliwa vitu viwili tu: kisa cha Oswego, na dodoso lake la Kiswahili likiwa tupu. Diski yenyewe ilitiwa kwenye bahasha, ikafungwa kwa gundi, ikaandikwa tarehe na kufungiwa kwenye kabati la stoo. Ameiandikia taasisi iliyosimamia utafiti ule kuuliza kama wanaitaka, kwa sababu takwimu zile ni zao na za wale wananchi, si za Cambridge. Nikiandika makala haya bado hajajibiwa, na anauliza kila wiki.

Mtu mmoja alishauri mezani iwekwe mizani, kila mtoto mgeni apimwe uzito na kujiingiza kwenye fomu. Hilo nililipinga hapo hapo, na sikusubiri kufika nyumbani. Kumpima mtoto mbele ya darasa lake na kusoma uzito kwa sauti ni kumtengenezea jina la utani la miaka kumi. Badala yake bibi wa Amstrad alitengeneza watoto 20 wa kubuni, kila mmoja na kadi yake ya kliniki ya karatasi, na wageni wanaingiza kutoka kwenye hizo.

Kura zilikuwa nne kwa tatu. Commodore 64 ilibaki kwenye rafu, na mzee mmoja aliyeitetea hakuonekana Jumamosi mbili. Baadaye alirudi, akakubaliwa kwamba viti vitapitiwa upya baada ya miezi sita na mashine yake iwe ya kwanza kwenye foleni.

Wiki yangu ya mwisho nilikaa kwenye kona ya chumba kile nikitazama. Spectrum ndiyo iliyokuwa na foleni ndefu, kama walivyotabiri. Kwenye kiti cha sita watoto walikuja wachache, ila walikaa muda mrefu, na mara nyingi mzazi alisimama nyuma akanong'ona, "jaribu keki." Wakimaliza Oswego, fomu ya Kiswahili hujitokeza, na chini ya kioo kuna kibandiko kidogo kinachoeleza maneno yake. Msichana mmoja wa miaka kama tisa alilisoma neno polepole, "su-ru-a", akamuuliza baba mdogo ni nini. Akavuta kiti, akaanza kumweleza: homa, macho mekundu, kikohozi, vipele vinavyoanzia usoni. Msichana akamuuliza kama yeye amechanjwa. Baba mdogo akasema hilo amuulize mama yake, na mama, aliyekuwa anaangalia simu, akaanza kuhesabu vidole.